Shuka jeupe huko Katana

Wengi wenu mmetuuliza sababu gani siku ya posho ya kwanza ya mwezi huu mlikuta mlango wa ukumbi wetu umefungwa. Tulikuwa upande wa Katana. Tulienda wamama 7, tukalala huko usiku mmoja, na kilichotupeleka ni wadudu. Msicheke kwanza.

Jambo lilianza na pesa. Mama Nsimire, mwenzetu anayelima kati ya Lwiro na Katana, aliomba franga 60 000 kutoka sanduku la likelemba ili anunue dawa ya kuua wadudu na kukodi pompi. Alisema maharagi yake yamejaa mdudu mbaya sana, mwenye sura ya mamba mdogo, na mahindi yake yanatobolewa kila usiku. Kamati ikagawanyika. Wengine walisema mwenzetu akilia tumsaidie, basi. Wengine walikumbusha msimu uliopita: tulitoa pesa kama hizo kwa mama mwingine, dawa ikapigwa shamba zima, mdudu akabaki anakula, na deni likabaki linamngoja mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amejua mdudu yule ni nani. Muuza dawa alimpa chupa iliyokuwa karibu na mkono wake.

Ndipo Furaha, binti wa Mama Riziki, ambaye alikuja tu kumletea mama yake mwavuli, akasema toka mlangoni: "Mama zangu, kabla ya kununua dawa mjue kwanza mnataka kumuua nani. Mumpige picha." Tulikaa kimya. Sisi wengine ni walimu, tunafundisha watoto kwamba mdudu ana miguu 6 na mwili wa sehemu 3, tunachora ubaoni, tunafuta. Haikuwahi kutuingia kichwani kuitoa hiyo simu mfukoni na kumwangalia mdudu mwenyewe.

Furaha alituelezea habari ya watu ambao hatukujua kama wapo. Duniani kuna watu wengi wanaopenda wadudu bila kulipwa. Si maprofesa, ingawa maprofesa wamo. Ni wazee waliopumzika kazi, wanafunzi, wauguzi, walimu kama sisi. Mtu anapiga picha ya mdudu ukutani mwa nyumba yake, anaituma, na mwingine ambaye hawajaonana hata siku moja anamwambia jina la yule mdudu. Chombo kikubwa wanachotumia kinaitwa iNaturalist. Kilianza mwaka 2008 kama kazi ya kumaliza masomo ya wanafunzi wa chuo kikuu cha California, kule Berkeley. Unaweka picha, tarehe, na mahali. Mashine inapendekeza jina, lakini mashine haina neno la mwisho. Watu ndio wanakubali ama wanakataa, na jina halihesabiwi kuwa limethibitika mpaka wasiopungua 2 wakubaliane, na wakiwa wengi, zaidi ya theluthi mbili yao wawe upande mmoja. Mama Bahati alisema hiyo ni sheria nzuri kuliko ya kamati yetu.

Basi tukatoka Bukavu saa 12 asubuhi, na Furaha mbele kama mwalimu wetu. Barabara hiyo mnaijua, na matope yake ya mwezi wa 11 mnayajua vilevile, hatutawachosha nayo. Tuseme tu kwamba Mudaka gari lilisimama, tukashuka kununua kumbi-kumbi za kupelekea wenyeji wetu. Mama aliyekuwa anaziuza alikuwa na makarai mawili, na bei mbili. Tulimuuliza tofauti. Akatuangalia kama watu wasiolelewa na mama. Akasema hizi hutoka asubuhi baada ya mvua ya usiku, zina mafuta, hazihitaji hata chumvi nyingi; zile hutoka mangaribi, ni ndogo, na ukizikaanga bila kupepeta mabawa vizuri zinakuwa chungu. Na kichuguu cha zile za asubuhi kina udongo wa rangi fulani, usipoteze nguvu kuchimba kingine. Yote hayo aliyasema huku anapima kwa kopo na kurudisha chenji. Furaha alipiga picha makarai yote mawili, kwa ruhusa yake, na mama yule akadai tumwongeze franga 200 kwa ajili ya picha. Tukamwongeza. Ilikuwa haki yake.

Pale Miti njia inagawanyika, moja inapanda kwenda Tshivanga na hifadhi ya Kahuzi-Biega, nyingine inaendelea. Tulifuata ile ya kuendelea, tukapita uwanja wa ndege wa Kavumu, na baada ya hapo macho yakaanza kutafuta Lwiro upande wa mlima. Wengi wetu tuliwahi kufika huko tukiwa watoto wa masomo. Kituo kile kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, jina lake wakati ule IRSAC, leo ni CRSN. Ni mahali pa ajabu, majengo makubwa katikati ya miti na mashamba ya watu, mlima nyuma yake na ziwa chini. Wakati ule mtu aliyetaka kumjua mdudu alimkamata kwa wavu, akamfungia ndani ya chupa yenye dawa mpaka afe, akamchoma sindano mgongoni, na chini yake akaweka kikaratasi kidogo kuliko ukucha: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Hivyo ndivyo elimu ya wadudu ilivyojengwa duniani kote, na mpaka leo kwa wadudu wengi hakuna njia nyingine, maana tofauti yao iko ndani ya mwili, haionekani kwa picha. Hatuisemi vibaya. Lakini kwenye kikaratasi kile hakuna nafasi ya jina la mama mwenye shamba.

Tulifika kwa Mama Nsimire saa 4. Alikuwa ametuandalia chai na mihogo ya kuchemsha, lakini yeye mwenyewe hakukaa. Alitaka twende shambani mara moja. Tukafunga vikwembe vizuri, tukaenda.

Kupiga picha mdudu si kazi ndogo. Picha 40 za kwanza zilikuwa za kutupa, na tunawaeleza makosa yetu ili ninyi msiyarudie. Kosa la kwanza ni uchafu kwenye kioo cha kamera: simu zetu zinakaa pamoja na unga, mafuta na vidole vya watoto. Futa kwanza kwa pindo la kikwembe. Kosa la pili ni kukaribia sana, simu inashindwa kuona, picha inakuwa ukungu. Rudi nyuma kidogo, halafu ukate picha baadaye. Kosa la tatu ni upepo. Mwenzako ashike jani kwa vidole viwili, wewe upige. Kivuli chako kisimwangukie mdudu, atakimbia. Piga juu yake, piga ubavu, piga uso kama anakubali, halafu piga na mmea aliokuwa anakula, maana wadudu wengi wanatambulikana kwa chakula chao. Weka karibu naye kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, sisi tulitumia punje ya haragi. Na asubuhi mapema ni bora, mdudu akiwa bado ana baridi hana haraka.

Sasa tuje kwenye yule mamba. Alikuwepo kweli, na walikuwa wengi. Mwili mweusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, miguu 6 mbele, mkia mwembamba, ngozi ya vinundu vinundu. Ukimwona ana kila dalili ya mtu mwenye roho mbaya. Alikuwa anatembea juu ya mashina ya maharagi katikati ya wale vidukari weusi wanaojazana kwenye shina changa kama unga wa makaa. Mama Nsimire alinyoosha mkono kumponda kwa gumba na kidole, haraka kama mtu anayebangua karanga. Furaha akamshika mkono kwa heshima: "Mama, ngoja kidogo."

Kule shambani hakuna rezo. Ili picha iende ilibidi tupande kilima nyuma ya nyumba, mpaka kwenye mti mmoja wa avoka ambapo vijana wote wa kijiji wanakaa na simu zao juu kama wanaomba mvua. Tulituma picha 6 za mamba, zikameza mega nyingi kuliko tulivyopanga. Tukangoja. Jibu la mashine lilikuja kwanza, na baada ya nusu saa mtu mmoja akakubaliana nalo, na kabla ya jua kuzama mwingine pia. Yule mamba ni mtoto wa mdudu ambaye ninyi wote mnamjua: yule mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye watoto wetu wanamweka mkononi apande hadi ncha ya kidole, aruke. Huyo ni mama yake. Anataga mayai ya manjano yaliyosimama pamoja kama punje za mahindi kwenye gunzi, mayai yanatoa hawa mamba, na mamba hawana kazi nyingine ila kula vidukari, kila mmoja anamaliza mamia kabla ya kukua. Hawali haragi hata kidogo. Alikuwa hapo kwa sababu vidukari walikuwa hapo.

Mama Nsimire aliuliza tena. Furaha akamweleza tena, polepole, akamwonyesha picha ya yai, ya mtoto, ya yule anayejifungia ndani ya ganda akitundikwa kwenye jani, na ya mdudu mwekundu. Mama Nsimire akakaa chini pale penye mti wa avoka. Misimu miwili alikuwa anawapa watoto andazi moja kwa kila kopo la mamba waliouawa. Makopo yalikuwa mengi, alisema. Na kila mara vidukari walizidi, naye akadhani ni kwa sababu hajaua mamba wa kutosha. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu alikuwa anakumbuka wa kwake aliowahi kumponda.

Lakini msidhani shamba lote lilikuwa na marafiki. Kwenye mahindi hali ilikuwa nyingine. Majani ya katikati yalikuwa yametobolewa mistari mistari, na ndani ya moyo wa mmea kulikuwa na uchafu kama unga wa msumeno uliolowa. Tulifungua moyo wa mhindi mmoja, kiwavi alikuwa ndani amejikunja. Tukampiga picha, tukapanda tena kilima. Hapa mashine ilikosea. Ilitupa jina la kiwavi mwingine, kwa kuwa picha yetu ilionyesha mgongo tu na kichwa kilikuwa ukungu. Mtu mmoja wa mbali akaandika kwa Kifaransa, maneno machache tu: tafadhali, kichwa, na mwisho wa mwili kwa juu. Hatujui ni mwanamume au mwanamke, wala anaishi nchi gani. Alikuwa anaongea kama daktari anayesema fungua mdomo.

Kesho yake saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa shambani tena, umande mpaka magotini. Sasa tulijua tunatafuta nini. Kichwani pana mistari ya rangi hafifu iliyokutana kama herufi Y iliyopinduliwa. Na karibu na mwisho wa mwili, kwenye pingili ya pili kutoka nyuma, vidoa 4 vyeusi vilivyokaa kama pembe 4 za meza. Vyote viwili vilikuwepo. Huyo ni kiwavi jeshi, yule aliyetoka Amerika, ambaye kabla ya mwaka 2016 hakuwa ameripotiwa Afrika, na ndani ya muda mfupi akawa amefika karibu kila nchi inayolima mahindi, kwa maana nondo wake wanaruka usiku na upepo unawabeba mbali. Wenye simu zinazoweza wapakue pia programu inayoitwa Nuru. Ilitengenezwa na chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania (Penn State) pamoja na FAO kwa ajili ya kiwavi huyuhuyu na kwa magonjwa ya muhogo, inaongea Kiswahili, na inafanya kazi hata pasipo rezo. Tungeijua mapema tusingepanda kile kilima mara 4.

Turudi kwenye usiku ule, maana ndio uliotufurahisha kuliko yote. Furaha aliomba shuka jeupe. Mama Nsimire alikuwa nalo moja tu zuri, la wageni. Likatundikwa kwenye kamba ya nguo, nyuma yake ukuta wa nyumba, mbele yake taa ya sola. Watu hawa wanaopenda wadudu hufanya hivyo kila mahali duniani: shuka, taa, kiti, na subira. Mvua ilikuwa imekatika na hewa ilikuwa nzito, usiku mzuri wa wadudu. Baada ya robo saa shuka lilikuwa limeandikwa. Nondo wadogo kama majivu. Nondo mmoja mkubwa mwenye macho bandia juu ya mabawa, watoto wakapiga kelele. Mbawakawa wa rangi ya chupa ya bia. Panzi mmoja mwembamba aliyejifanya jani. Wadudu wengine hatukuwa hata na neno la kuwaitia.

Koko, mama mkwe wa Mama Nsimire, alikuwa amekaa kwenye mkeka na blanketi yake, anatuona watu wa mjini tumepotea akili. Lakini baada ya muda alianza kutaja majina kwa Mashi, moja moja, bila haraka. Huyu anakuja mwezi wa mtama. Huyu mtoto wake ni yule kiwavi wa manyoya, usimguse. Huyu sijamwona tangu nilipoolewa. Tuliandika yote. Kuna nondo mmoja wa kijani kibichi, mabawa yake yana mkia, ambaye Koko alisema jina lake mara moja, na jina hilo lina maana ya bibi arusi asiyekula. Furaha akaruka. Alituambia kweli kuna nondo wakubwa wa namna hiyo ambao wakishakuwa na mabawa hawana mdomo wa kulia chakula; wanaishi siku chache kwa mafuta waliyojiwekea walipokuwa viwavi. Nani alimwambia Koko? Hakuna. Aliwaangalia.

Hapo Mama Bahati, ambaye hasemi uongo ili watu wafurahi, akauliza swali lake. "Sawa, majina ni mazuri. Lakini jina linapika nini? Mdudu akila shamba langu, anakula akiwa na jina au bila jina."

Tulimjibu kwa habari ya muhogo, na tunairudia hapa kwa sababu ni habari ya nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, upande wa Kinshasa na Brazzaville, muhogo ulianza kujikunja kwenye ncha, majani yakawa madogo kama ngumi ya mtoto, mizizi ikabaki kamba. Sababu yake ilikuwa kidudu cheupe kama unga, kilichokuja na vipando kutoka Amerika ya Kusini, nyumbani kwa muhogo. Kikaenea Afrika, nchi baada ya nchi. Wataalamu wakasema: kule kilikotoka lazima kuna adui yake, twende tumlete. Wakaenda, wakapata kule kaskazini mwa Amerika ya Kusini kidudu cheupe juu ya muhogo, kinafanana kabisa na cha kwetu. Wakachukua nyigu wadogo wanaokiua. Nyigu wale wakaletewa kidudu cha Afrika, wakakikataa. Kwa sababu hakikuwa kilekile. Vilikuwa vidudu viwili vyenye sura moja, kama mapacha wa mama tofauti. Miaka ikapita hivyo, na watu wanangoja sombe na bukari. Ni mwaka 1981 ambapo mtaalamu mmoja, Anthony Bellotti, alipokikuta kile chenyewe huko Paraguay, na pamoja nacho nyigu mdogo kama punje ya ulezi. Nyigu huyo aliletwa Afrika, akafunguliwa kwanza Nigeria mwaka uleule, halafu nchi nyingine nyingi, na yetu ikiwamo. Akakila kidudu kile mpaka muhogo ukapona. Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu hakupewa kitu.

Mama Bahati alisema: "Basi hapo nimeelewa." Halafu akasema bado anataka dawa kwenye mahindi.

Mara hiyohiyo mtoto wa mwisho wa nyumba, ambaye alikuwa amesimama karibu na taa, aliinua mkono kupiga shingo yake. Tulimwahi. Shingoni palikuwa na mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi kwa zamu, mrefu kama punje ya mchele. Wamama, huyu mjueni kwa sura, maana huja kwenye taa nyakati za mvua. Haumi. Lakini ukimponda juu ya ngozi, maji yake yanachoma, na kesho unaamka na alama kama ya moto ambayo watu husema ni mkojo wa buibui. Mkono uliomponda ukigusa jicho, jicho linavimba. Mpulize aruke, au mweke karatasi apande. Ukishamponda, osha kwa maji na sabuni mara moja, na mikono pia. Tulimpuliza akaenda, naye tukampiga picha akiwa kwenye shuka, na picha hiyo tutaibandika ukutani mwa ukumbi.

Kitu kimoja tulikijadili sana kabla ya kulala, na tunaomba mkizingatie kabla ya kuanza nyumbani kwenu. Picha inayotumwa inaonyesha ulipo. Sisi tunajua tunaishi wapi na nyakati gani. Kwenye iNaturalist kuna mahali pa kuchagua kuficha, ili watu waone eneo kubwa tu na si nyumba yako, ama wasione kabisa. Chagua hivyo kabla ya picha ya kwanza. Usipige uso wa mtoto, usipige nyumba ya jirani, usipige barabara wala watu waliosimama barabarani. Mdudu na jani vinatosha. Na mtu asile kiwavi wala uyoga kwa sababu simu imempa jina. Kwa vya kula, uliza mama aliyekula akaishi.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, kamati ndogo ilikaa palepale kwa Mama Nsimire. Mahesabu yalikuwa hivi. Kwa maharagi, dawa ingeua vidukari na ingeua mamba pia, na vidukari ndio wanaorudi haraka. Kwa hiyo maharagi yaachwe, na mahali pale vidukari wamezidi ncha zikatwe na kuzikwa. Kwa mahindi, kiwavi akishaingia ndani ya moyo wa mmea, dawa ya juu juu haimfikii vizuri. Wakulima wengi huzunguka shamba asubuhi mara 2 kwa juma, wanaponda mayai yanayokaa kwenye majani kama kipande cha pamba, wanatoa viwavi kwa mkono, na wengine hutia majivu ama mchanga ndani ya moyo wa mhindi. Ni kazi ya mgongo. Mama Nsimire ana miaka 52 na mgongo wake tunaujua. Kwa hiyo tulikubaliana sanduku litoe franga 25 000, si za dawa, za kuwalipa vijana 2 asubuhi hizo mpaka mahindi yatoe ua.

Mama Bahati alikataa kutia mkono. Alisema jirani wa juu anapiga dawa kila juma, na wadudu wake wote watahamia kwetu, na tukishindwa pesa itakuwa imeliwa na viwavi pamoja na vijana. Anaweza kuwa na haki. Tumeandika neno lake katika daftari la chama kama alivyolisema.

Kati ya picha 31 tulizotuma, mpaka tunapoandika haya, 9 zimepata jina kamili. Nyingine zimesimama njiani: mtu amesema ukoo, hakuthubutu kusema mdudu mwenyewe, na Furaha anasema huo ni uaminifu. 5 hazijaguswa na mtu yeyote. Yule nondo wa kijani wa Koko ni mmoja wa hizo 5. Tumeandika chini ya picha jina la Mashi alilotupa na maana yake, ili atakayekuja alikute.

Jana mangaribi Mama Nsimire alitutumia sauti. Alisema vijana wamejaza makopo 3 ya viwavi vya mahindi na kuku wamefurahi. Alisema kwenye maharagi amehesabu mamba 64 kwenye mistari 2, na watoto wanadai maandazi yao kama zamani, hawaelewi kwa nini biashara imefungwa. Amewaambia sasa andazi ni kwa atakayeonyesha mahali yalipo mayai ya manjano bila kuyagusa. Halafu akauliza kama shuka lake la wageni lililobaki na alama za mbawakawa linaoshwa kwa sabuni gani. Anayejua atupigie.